Vua Sweta Kabla ya Kushika Baruti

Baba,

Faneli ya baruti nimeiosha kwa sabuni ya vyombo. Iache ikauke yenyewe dirishani, usiipanguse. Na hilo sweta la sufu livue kabla hujakaa mezani kujaza risasi! Baridi ya huku kwetu Karoo ni kavu, sufu inatia umeme, punje za baruti zinang'ang'ania plastiki ya faneli. Ganda hili la risasi linapunjwa, linalofuata linazidishiwa, mwisho bunduki ikupasukie usoni. Mama, mkumbushe, maana mimi sisikilizwi.

Asubuhi nilikuwa nakutilia kahawa nikakusikia ukiongea kwenye simu: "Mawindo ya mwaka huu, tandala wa kwanza ni wa mkwe wangu Ruan. Mwanamume kweli huyo." Tangu enzi za Babu, humu ndani aliyejaza risasi ndiye anayelenga kwanza. Nimejaza mimi, vidole vikafa ganzi. Shemeji Ruan hajui hata baruti inakaa wapi.

Kuku yuko kwenye oveni. Mbwa hajala.

~~Risasi ziko kabatini.~~ Risasi nimeondoka nazo, niko kwa shangazi Riekie. Tandala wanapita na kwake.

Maganda matupu hayo hapo. Mwambie mwanamume wako ayajaze.

Binti yako,
Liesbet