Baba Mwenda Alipokuwa Akiuza Viatu

Jumamosi. Baridi ya mwezi wa saba, ukungu haujatoka tangu asubuhi. Nepi za mwanangu Kendi zimekataa kukauka, nimezitandaza karibu na jiko na ninaandika huku zikitoa mvuke.

Leo nimelikumbuka sana soko la Nkubu.

Nilikuwa mdogo, nikikaa chini ya meza ya mama akiuza uji. Kando yetu Baba Mwenda aliuza viatu vya mitumba. Kanjo, wale askari wa baraza la mji, wakija kufukuza watu, wengine walitoroka, yeye akabaki. Aliwaambia mtu aachwe atafute chakula chake, mradi asimdhuru jirani. Kazi ya serikali ni kushika wezi na kutengeneza barabara, mengine watuachie. Mimi nilidhani uhuru ndio huo: mwanamume ameshika kiatu kimoja, anakataa kusonga.

Siku hizi tunamwita Mheshimiwa. Aliomba kura kwa maneno yale yale. Nilipiga foleni nikiwa na mimba ya Kendi, miguu imevimba, na nilikuwa na furaha.

Jana aliita mkutano. Akasema kuanzia Jumatatu hakuna kuuza uji kando ya barabara, mpaka uwe na kibanda kwa lile jengo jipya la soko. Na vibanda vyote vimeshapata wenyewe.

Uji ndio unatulisha mimi na Kendi. Baba yake yuko Isiolo, bado anatafuta kazi.

Mgeni hawezi kwenda bila uji, kwa hivyo mkutano ulipoisha wamama wakaniambia nimpe Mheshimiwa. Kwetu anayemimina huonja kwanza, ili mgeni aone hauna kitu kibaya. Nikaonja, nikampa, halafu mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mheshimiwa, mimi nimeonja. Hii sheria umetumiminia, wewe uliionja?"

Wamama wakacheka. Mmoja akamwambia ajibu kabla uji haujapoa. Yeye pia akacheka kidogo, akauliza mama yangu yuko aje, akamaliza kikombe, akaenda.



Kinachonisumbua ni kwamba siwezi kumchukia. Bado namwona na viatu vyake, akinichagulia vile vidogo nijaribu, ananiita mwari wa mama, yaani binti yake. Labda kiti kimembadilisha. Ama labda hakuwahi kutetea uhuru wetu, alikuwa anatetea meza yake tu, na ya mama ilikuwa karibu.

Hiyo imeniuma kuandika.

Lakini yale maneno yalikuwa mazuri. Hata kama yeye ameyaacha, si lazima na sisi tuyaache.

Jioni hii nimeloweka unga wa wimbi, mwingi kuliko kawaida. Ukishachachuka hauwezi kurudi kuwa unga. Wenzangu pia wameloweka, nimepita kwao nikanusa. Jumatatu tutawasha majiko pale pale kando ya barabara. Ninaogopa, na nitaenda.