Mazoezi ya Mama na Rungu la Lugembe

Kwihara,
Tabora.
9 Juni 2024

Mpendwa kaka Octavian,

Shikamoo. Habari za Songea? Wifi Jenifa na watoto wazima? Baridi ya huko haijawamaliza? Sisi tunapumua, na karanga tumevuna, si haba.

Juzi nilikukatia simu kwa hasira. Ulisema mama aache mazoezi, akae ndani, eti ndiyo yaliyomponza. Kaka, wewe hukuwepo! Ngoja nikueleze vizuri, maana kwenye simu nilikuwa nalia tu.

Unajua kisukari kilivyokuwa kimemlegeza. Recheli, yule dada wa mazoezi ya viungo hospitalini, akamwambia atembee kidogo kila akishakula, viatu asivue, na asubuhi asimame uani ainue mikono juu na kuishusha. Sukari ikashuka. Mama akarudi kupalilia, akaanza na kutugombeza kama zamani.

Sasa, ua wetu si unatazamana na zizi la Lugembe? Na hapa kwetu bibi akisimama peke yake alfajiri, anawainulia mikono ng'ombe wa jirani, nani atasema ni mazoezi? Hatukuliwaza hilo, wala Recheli hakuliwaza. Ndama wa Lugembe akafa. Akafa na wa pili.

Alikuja na rungu, mama akiwa mikono juu. Pigo la kwanza lilimvunja mkono wa kushoto. La pili lilipasua ugoko mpaka nikaona mfupa. "Shusha mikono, mchawi!" Anapiga kelele hivyo na mama ameshaanguka chini! Damu ilijaa kiatuni. Mimi nilikuwa natwanga. Nikatoka na mchi, nikamtandika mdomoni, meno yakaruka, nikamwongeza wa mbavu. Padri anasema nitubu. Nitatubu, ila si mwaka huu.

Hospitali walitutisha. Mguu wa mwenye kisukari ukipasuka vile unaweza kuishia kukatwa, tukaambiwa tujiandae. Nilikonda, kaka. Lakini kidonda kinaziba. Daktari anasema sukari ingekuwa juu kama mwaka jana, labda mguu tungeshaupoteza. Ndiyo hayo mazoezi unayotaka ayaache.

Recheli alikuja nyumbani, akalia, halafu akampangia mapya ya kufanya amekaa, mguu usikanyage mpaka kidonda kifunge.

Lugembe ametoka kwa dhamana. Anakaa mlangoni kwake anatukodolea macho. Jana nikamwekea mama kigoda nyuma ya nyumba, asionekane. Weee! Alinikaripia vibaya.

"Yustina, nirudishe uani. Palepale. Nielekeze kwenye zizi."

Nikamrudisha. Akauinua mkono mzima juu kabisa, anamtazama Lugembe, akaushusha. Akauinua tena. Lugembe akanyanyuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Mimi nilisimama kando na mchi wangu.

Kwa hiyo usinipigie tena kuniambia akae ndani. Kamwambie mwenyewe kama unaweza.

Baba mdogo Zablon na shangazi Apolinaria wanakusalimu sana. Mbusu Kornel kwa niaba ya bibi yake. Mungu awalinde nyote, na mkono wa mtu mbaya usiwafikie.

Ukija Krismasi mletee mama viatu, vipana, visivyobana vidole. Kile kimoja nimekifua mara nyingi, damu haitoki, naye anaviulizia kila siku.

Wako akupendaye, hata nikikukatia simu,
Yustina