Uso wa Mheshimiwa kwenye Mji wa Kanga

Guangzhou

Kwako mume wangu, Baba Raya,

Assalaam alaykum. Kifua chako vipi? Ile asali na tangawizi unaitumia, au umeiacha dirishani inaliwa na sisimizi? Na mkwe wangu Bi Mkubwa mguu wake umepungua uvimbe? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila Raya anaota magego na hataki kulazwa, anataka kubebwa tu, kama nazi iliyoshikwa na kumbi. Huu ni msimu wa unyevu, kuta za chumba zinatoa jasho, nguo za mtoto hazikauki, nazipiga pasi mbichi. Nimechoka, Baba Raya. Nakuandikia jicho moja limeshalala.

Barua hii anakuletea Mama Shufaa, yule mfanyabiashara wa Dar tunayepakana naye vyumba hapa karibu na mtaa wa Zhanqian. Mpe chai, umshukuru, wala usimuulize habari zangu, atakupa na zisizotokea.

Nianze na picha. Ulinipelekea picha ya Mheshimiwa, uso wake uchapwe kwenye mji, pale katikati ya kanga za kampeni, na jina la kanga liwe "Mvuta unga ni mgonjwa, tumtibu." Nikaikubali kazi, maana kununulia watu mizigo ndiyo riziki yangu huku. Nikasema mama huyu ndiye mwakilishi wa jimbo letu, na mume wangu ndiye anayemwendeshea gari na kumpangia mikutano, kwa hiyo kazi yake ni kazi yetu. Nikamfunga Raya mgongoni, nikapanda basi na Mama Shufaa mpaka soko la vitambaa la Zhongda. Laoban, ndivyo wanavyomwita mwenye duka huku, akaiweka picha chini ya taa akaichunguza. Kisha akaweka kidole pembeni. Pale pana bega la mwanamume. Limekatwa kwa mkasi lakini halikukatwa lote. Akaniuliza kwa ishara, na hili tulichape?

Baba Raya, shati lile nalijua. Nimelinunua mimi hapa Zhanqian, la mistari ya kijani, nikakuletea la Idi. Na bega lenyewe halikusimama mbali. Limemwegemea mwenzake.

Mama Shufaa akachungulia. "Ala! Si shati la shemeji hilo?"

"Ni lake."

"Basi shoga yangu, mwenzio yuko kwenye mji wa kanga, wewe uko kwenye pindo!"

Akacheka mpaka mke wa laoban akamletea maji ya moto, akidhani amepaliwa. Laoban naye akawa anauliza yule mwanamke ni nani, dada yangu? Mama Shufaa akanisukuma kwa kiwiko: "Mwambie mke mwenzio, atakupunguzia bei kwa huruma."

Nikacheka nao, ningefanyaje? Lakini tuliporudi nilimwogesha Raya kwa nguvu mpaka akalia, maskini mtoto hana kosa lolote. Nikamfuta, nikamnyonyesha, nikazitoa barua zako nikazisoma upya. Mheshimiwa kasema hivi. Mheshimiwa haogopi mtu. Mheshimiwa kanitilia sukari kwenye chai kwa mkono wake. Mimi nimekutilia sukari tangu uliponioa, hujapata kumwandikia mtu.

Ndiyo, naona wivu. Sina haja ya kulizungushia shuka. Lakini ukidhani linaloniuma ni bega na sukari, hujanijua bado.

Kumbuka asubuhi ile tulipomkuta mdogo wangu Hamadi kwenye banda la kuku la mama yangu, anatetemeka, amejitapikia, na bangili zangu za harusi alishaziuza. Wewe ulitaka kwenda kituoni kuita polisi, na haki ulikuwa nayo. Mimi nikakwambia, "Huyu si mwizi, huyu mgonjwa. Mwizi angekimbia." Ulisimama pale na funguo mkononi. Kisha ukaenda kisimani ukaleta ndoo ya maji, tukamwosha pamoja, wewe kichwa, mimi miguu. Siku ile nilikupenda kuliko siku ya harusi, hili sijakwambia.

Baadaye ukaniandikia kuwa Mheshimiwa amesimama mkutanoni akasema mvuta unga si mhalifu ni mgonjwa, muuzaji ndiye afungwe, na Serikali ijenge nyumba ya kuwatibu hawa vijana. Wanawake wakapiga vigelegele. Ukaandika, "Neno zito hili, hajapata kulisema mtu." Hajapata kulisema mtu! Wewe uliyekuwa umeshika ndoo! Nilikaa na barua ile mapajani nikajiuliza, alilisikia kwa nani kama si kwako, na wewe ulilisikia kwa nani? Lakini nikasema, kama litamsaidia Hamadi, basi na aseme yeye, mwenye kipaza sauti.

Ndipo ukapiga simu hapa mapokezi. Nikashuka ngazi mbio, mtoto kiunoni, nikidhani kuna msiba.

"Mama Raya, jina la kanga libadilishwe. Waandike: Mvuta unga afungwe, na anayemficha afungwe naye."

"Nani kasema?"

"Mheshimiwa. Msimamo umebadilika. Watu wa jimbo wamechoka kuibiwa."

"Na Hamadi?"

"Mheshimiwa anasema sheria haitazami shemeji ya nani."

"Sikumuuliza Mheshimiwa. Nimekuuliza wewe."

Ukaniambia simu inakula pesa.

Sikiliza, mume wangu. Watu wamechoka, nalijua hilo. Jirani zetu wameibiwa sufuria zina wali ndani. Nguo hazikai kambani. Mimi mwenyewe sina bangili. Simtetei Hamadi kwa aliyoyafanya, na akirudia kuiba, ashitakiwe kwa wizi kama mtu mwingine. Lakini huyu "anayemficha" ni nani? Ni mama yangu. Ni yule bibi anayelala mlangoni kwa mwanawe, anayemnywesha uji kwa kijiko, na mlango huo Hamadi mwenyewe ndiye aliyeomba ufungwe, asitoke kuutafuta unga. Mheshimiwa wako anataka afungwe yeye.

Na mnataka liandikwe kwenye kanga! Wewe mtoto wa kwetu umesahau? Karatasi ya kampeni ikibandikwa ukutani itanyeshewa mvua iondoke. Kanga itavaliwa. Itakwenda msibani, itafunika mtoto, itapita mbele ya mlango wa mama yangu mpaka ichakae. Na kwetu hapavaliwi kanga mpya bila watu kuuliza nani kaileta, na anamsema nani. Wataambiwa kaileta binti yake mwenyewe kutoka China. Mama yangu atasoma jina lile kwenye kiuno cha jirani na atajua mkono uliolituma ni wangu. Hilo, Baba Raya, halifanyiki.

Nimerudi Zhongda nikamwambia laoban bu yao, sitaki, si ya mwanzo wala ya pili. Ya mwanzo nayo sitaki, kwa sababu huwezi kumvalisha mtu neno ambalo amekwisha kulivua. Mheshimiwa alilichukua bila kuniomba na amelitupa bila kuniuliza. Laoban akafoka, sampuli ilikwishatoka. Nikamlipa hiyo moja, ndiyo ninayombebea Raya. Uso wa Mheshimiwa unakaa chini ya makalio yake, na jana ameukojolea. Sikumtuma mtoto.

Picha na amana ya Mheshimiwa, zile pesa za kuchapia kanga, anazo Mama Shufaa kwenye bahasha, mpelekee mwenyewe. Akiuliza kwa nini, mwambie mke wangu kakataa. Sema hivyo hivyo, "mke wangu", nataka alisikie neno hilo kutoka kinywani mwako.

Sikukatazi kumwendeshea gari. Kazi ni kazi, na mimi huku navuta mizigo ya watu nisiowapenda. Ninalokutaka ni jambo moja. Ijumaa ukitoka msikitini usiende kwake kula. Nenda kwa mama yangu, ukae mkekani na Hamadi, mle sinia moja. Mwambie kwa kinywa chako kuwa Mheshimiwa amegeuka, asije akalisikia kwenye kipaza sauti akiwa peke yake. Kisha mwambie wewe msimamo wako ni upi. Ya Mheshimiwa naijua, yote miwili. Wako sijauona kwenye barua hata moja.

Ukiwa wewe na yeye msimamo wenu ni mmoja, niandikie bila kuficha, sitakutukana. Nitajua tu kwamba nikishuka uwanja wa ndege, mimi na mtoto tunakwenda kwa mama yangu, na polisi wakija watatukuta wote pale.

Nisalimie Bi Mkubwa, mkwe wangu mwema, mwambie dawa ya mguu ninayo, naileta mwenyewe. Nisalimie wifi yangu na wanawe, na shoga yangu fundi cherehani wa uchochoroni. Mama yangu mbusie mkono kwa niaba yangu. Hamadi mwambie dada yake hajachoka naye. Raya anajua kusema "baba" sasa, anamwita kila mwanamume anayepita ngazini, kwa hiyo fanya haraka.

Mimi mkeo, ninayesubiri kauli yako,

Mama Raya