Miezi Miwili Isiyo Katika Barua

Kibokoni, Mombasa
16 Oktoba 1966

Mpendwa Dada Khairiya,

Asalaam aleikum. Adabu yataka nikuulize kwanza hali yako na ya Shemeji Aidarus, na kama Lamu imekukubali. Nakuuliza kwa moyo wote. Lakini nikikaa sana katika salamu nitapata pa kujificha, kwa hivyo niwie radhi niseme upesi neno ambalo sijamwambia mtu: nimewadanganya Baba na Mama, na uongo wangu huenda ukaitoa cherahani ndani ya nyumba yetu.

Usishangae kuona nakuandikia kwa herufi za Kiarabu, zile tulizofunzwa chuoni pamoja na Kurani. Siku zote hukuandikia kwa za skuli. Leo mkono umezikimbilia hizi wenyewe.

Hukuambiwa, nami nilikatazwa kukwambia, kwamba arusi yako ilifanywa kwa deni. Sikutajii ili ulie. Baba alikopa kwa Bwana Zein muuza nguo, akaweka rehani cherahani ya Mama. Wakalipa kidogo kidogo, hata ikabaki shilingi mia nne na themanini.

Mwishoni mwa Agosti ikaja barua ya wakili wa Bwana Zein, kwa Kiingereza. Baba akaniita mbele ya wote. "Haya, msomi wetu, tusomee." Wajua nilivyo, hata kuitikia salamu ya mgeni kwanitoa jasho. Barua yasema fedha zote zilipwe kabla ya tarehe 31 Oktoba, la sivyo cherahani itachukuliwa. Mama alikuwa ameikalia papo hapo, mkono juu ya gurudumu, ananitazama mdomoni. Sikuweza, Dada. Nikasoma Disemba.

Mama akashusha pumzi. "Alhamdulillahi, Zein ana ubinadamu." Tangu siku ile kila akishukuru nachomeka.

Nyumba nzima sasa yajibana. Baba ameacha sigara, na kazini Kilindini aenda na kurudi kwa miguu. Asema miguu haidai nauli. Ijumaa hatuoni pilau, ni muhogo na papa. Mapazia ya arusi yako Mama ameyakata foronya akaziuza. Sukari ndiyo iliyoleta maneno. Siku ya kwanza Bibi alionja chai, akakirudisha kikombe chini.

"Chai hii imefiwa?"

"Imefiwa, Mama," Mama akamjibu, "na eda yake ni miezi minne."

Tukacheka sote. Mimi nilicheka kuwashinda, kisha nikaenda msalani nikalia.

Nilikuwa nikijiambia kwamba tukijibana sana fedha zitatimia mapema, lisijulikane lolote. Hazitimii. Katika kopo la biskuti mna mia tatu na kumi. Zilikuwa zaidi, lakini jana Mama alitoa thelathini akamnunulia Baba viatu, maana vyake vimetoboka kwa hizo safari za Kilindini. Baba alikataa kuvijaribu. "Vaa, Baba Khairiya," Mama akamwambia. "Muda si tunao?"

Hatunao. Tuna siku kumi na tano. Nami namjua Baba. Lau angejua tangu Agosti, angemwendea Bwana Zein mwenyewe, wakanywa kahawa, akaomba muhula kwa heshima yake. Mimi nimemnyima hata nafasi ya kuomba. Hapo ndipo paniumapo kuliko cherahani yenyewe.

Usiuze dhahabu yako, wala usimtie Shemeji katika jambo hili. Sikuandika kwa hilo. Nilitaka tu kulijaribu neno hili kwako kwanza, nione kama latamkika.

Mfikishie salamu mkweo Bi Sheikha, na Shemeji. Bibi akusalimu sana, na asema umletee halua, maadamu sukari yake italipiwa na watu wengine. Mungu akupe nyumba ambayo watu wake hawafichani.

Nilitaka kutia jina langu hapa, lakini nasikia mitalawanda ya Mama, vile viatu vyake vya mti, ikigonga ngazini. Siku zote nikimsikia huifunika karatasi kwa mkono, ingawa herufi za skuli hazijui. Hizi azijua, tena azisoma upesi kuliko mimi. Labda mkono ulijua tangu mwanzo. Amefika kizingitini, aniuliza naandika nini. Barua ya wakili nimeshaitoa katikati ya daftari nilimoificha, nimeiweka kando ya hii. Nauondoa mkono.

Karatasi hii ikikufikia, Dada, jua Mama ameisoma kabla yako.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye,
Mwanakhamis