Aliyekalia Takia Lako

Kwako kaka Hamisi, popote walipokulaza,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na usiniambie nivute pumzi. Nimezivuta. Nimezivuta Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa pua, taratibu, kama ulivyonifundisha, na hasira bado ipo palepale, tena imenona. Kwa hiyo nisikilize tu. Kusikiliza ndiyo kazi pekee uliyobakiwa nayo.

Naanza kukulaumu wewe, maana wewe ndiye uliyeanza. Nani katika mtaa wetu mzima wa Buyenzi angeamini kwamba Hamisi dereva, mtu aliyemtukana mbuzi wa jirani mpaka mwenye mbuzi akaomba radhi, angekwenda kujifunza kukaa kimya? Mkeo Zaituni ndiye aliyechoka. Alisema vita vya nje vinamtosha, vya jikoni havitaki. Ndipo ukasikia kwamba kule Nyakabiga, kwenye sentre, kituo cha mtaa, ndani ya chumba cha cherehani, kuna mtu anafundisha watu kutuliza roho bila dawa. Ulianza kwa shehe, kuuliza kama si haramu. Nilikuwepo. Shehe alikutazama, akakuna ndevu.

"Kufuata dini yao, apana," akasema. "Lakini kukaa kimya? Kwa mutu kama we, Hamisi, iko karibu na faradhi."

Ukanivuta na mimi. Eti mi ni fundi wa viti vya gari, na watu wale wanakaa sakafuni, watahitaji matakia. Ulikuwa mfanyabiashara hata kwenye toba. Nikayashona kwa sponji za viti vya kamioneti zilizokufa na ngozi ya plastiki, na kila aliyeinuka baada ya somo aliacha kipande cha paja lake pale. Lako lilikuwa jekundu, lenye kiraka cheusi. Sponji yake ilitoka kwenye kiti cha gari lako la kwanza. "Hili na matako yangu ni marafiki wa zamani," ulisema, mbele ya mwalimu.

Mwalimu Melkiyori naye, unamkumbuka. Mrundi wa watu, aliyetumwa Bara Hindi kusomea kilimo cha chai, akarudi bila chai, amebeba kengele ndogo na mafundisho ya Buddha. Siku ya kwanza alisema tuvue viatu, tukae kwa mistari, tunyamaze. Sasa, sisi wa Buyenzi tukishasikia viatu, mistari na kimya, miguu inajipanga yenyewe. Tulikaa bega kwa bega, nyuso kwenye kibla. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye ukuta wa pili, nyuma yetu. Wakatoliki wa Nyakabiga walipotuona tumenyooka vile wakadhani ndiyo Ubuddha wenyewe, wakajipanga nyuma yetu. Mwalimu alipofumbua macho aligonga kengele akaitikiwa na migongo. Alikunja mkeka wake, akatuzunguka, akaja kukaa mbele yetu, upande wa kibla. Ukaninong'oneza, "Huyu ni mutu. Huyu namuweza." Tangu siku ile ulikuwa wake.

Alitufundisha kwamba hasira ni mgeni. Muone akiingia, muone akitoka, lakini usimpikie chai. Ukanyoosha mkono kama mtoto wa shule. "Mwalimu, kwetu mgeni akitoka bila chai, ni aibu ya mtaa mzima." Chumba kilicheka, na yeye akacheka mpaka akafuta macho. Nikasema moyoni, hili halitadumu. Lakini lilidumu, na hapo ndipo ninapokulaumu. Ulitulia. Ulianza kusimama kwenye bariere, zile kamba za kufunga barabara, na kuwasalimu vijana wenye bunduki kana kwamba wanauza mandazi. Zaituni akapumua. Mama akachinja kuku. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nakuangalia kwa jicho la upande, kama fundi anayesikia gari bovu limeacha kupiga kelele ghafla.

Siku ile ya mwisho ulipakia sabuni kwenye depo ya Zone Industrielle, kule viwandani, uzipeleke mtaa wa Musaga. Mbele ulikaa na Mama Nadia, mwenye mzigo, yule aliyekuwa anasinzia darasani na kusema ameona mwanga. Alirudi kwa miguu, bila viatu, bila sabuni, bila wewe. Alitusimulia akiwa amesimama, alikataa kiti. Alisema mlikuta bariere mpya baada ya nyumba za mwisho. Alisema ulizima gari. Ulishuka. Akakuona unavuta pumzi, kifua kikipanda kikishuka, kisha ukawaambia, "Salama, wadogo zangu."

Salama, wadogo zangu!

Hamisi niliyemjua mimi angekanyaga mafuta. Angetukana babu zao mmoja mmoja, akapita na bariere ikiwa imening'inia kwenye bampa, na jioni tungekuwa tunamcheka uani. Lakini wewe ulikuwa umeshafundishwa kwamba adui naye ni kiumbe anayetafuta furaha kama wewe. Labda. Wale walikuwa wanatafuta gari.

Mama Nadia anasema kosa ni langu, sielewi. Anasema uliwaongelesha, polepole, mpaka wakamruhusu yeye aende. Kwamba ungepiga kelele hata kidogo, mngebaki wote wawili. Nimelifikiri hilo sana. Najua ni kweli. Nalo pia linaniudhi, maana linaninyang'anya hata haki ya kukutukana vizuri.

Hatukukupata. Gari lilionekana limeungua. Ndani hamkuwa na mtu. Tangu siku hiyo nyumba yetu haijui iko wapi. Zaituni hajui kama ni mke au mjane. Hajakaa eda, hajavaa nguo nzuri. Wazee walikuja kuuliza kuhusu hitma, Mama akawafukuza. "Hitma ya nani? Mumeniletea mutu gani?" Watu wakaja na subira zao, kila mtu subira mkononi kama sahani ya wali. Hata mwalimu alikuja, akavua viatu mlangoni, akamwambia Mama kwa upole kwamba mateso yanatokana na kushikilia, ajaribu kuachilia. Mama alimfungulia viganja vyote viwili, vitupu.

"Niachilie nini, baba? Unaona nimeshika kitu?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. Kwa hilo namheshimu. Wengine wangeendelea.

Sasa bariere zimetolewa. Wakubwa wamekaa mezani, wamepeana mikono, na wale vijana wa barabarani wamenawa uso. Siku hizi wanaitwa vijana waliopotea. Wamepotea! Wewe ndiye umepotea, kaka. Wao naonana nao sokoni. Sentre nayo ikawaalika waje kutulizwa roho. Jumamosi moja nikaingia darasani nikakuta mmoja wao amekalia takia jekundu lenye kiraka cheusi. Sikumjua. Mama Nadia ndiye aliyenishika mkono mpaka kucha zikaingia. "Huyu," akasema. "Ni huyu alinifungulia kamba nipite."

Anaitwa Jado. Ana shingo nyembamba na masikio ya mtoto.

Nilimwendea. "Hilo lina mwenyewe."

Akaruka kama amekalia moto. Akaliokota, akalifuta kwa mkono wa shati lake, pande zote mbili, akanipa kwa mikono miwili. Laiti angenitukana. Angenitukana tungemalizana palepale. Lakini kulifuta vile! Alijua, Hamisi. Mtu hafuti vile kitu asichokijua.

Mgeni akaingia, basi. Nikampikia chai. Nikamtandikia kitanda.

Nikakaa nyuma ya Jado, juu ya takia lako, nikaanza kufanya kile ulichonifundisha: mgongo wima, mikono mapajani, akili mahali pamoja. Mahali penyewe palikuwa shingo yake. Mwalimu alipita akaninong'oneza, "Ndugu, macho." Nikamjibu, "Mi naona vizuri hivi." Jumamosi iliyofuata nikakaa palepale. Na iliyofuata. Sikumgusa, sikumsemesha. Wengine walikuwa wanatazama pumzi zao, mimi nilikuwa natazama jasho lake, linavyoanzia chini ya nywele na kuteremka ndani ya kola. Sijawahi kutafakari vizuri hivyo maishani mwangu.

Leo kengele ililia, watu wakainuka, matakia yakabandukana na mapaja. Jado hakuinuka. Akasema bila kugeuka:

"We ni wa kwao na ule wa sabuni?"

"Ana jina."

"Sikulijua."

"Hamisi. Liseme."

Akasema, "Hamisi."

"Ye iko wapi?"

"Si mi nili..."

"Sikukuuliza hiyo. Iko wapi?"

Aligeuka. Alikuwa analia, na sikufurahi kama nilivyotarajia. "Kule juu, nyuma ya Musaga, kwenye shamba la mihogo. Kuna mawe matatu. Mi ndiye niliyeyaweka, wenzangu wakanicheka. Kesho asubuhi nitakuonyesha." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Alituambia tusiogope. Sisi ndio tulikuwa na bunduki, na yeye anatuambia tusiogope. Utanisamehe?"

"Nitakuja na sepetu," nikamwambia.

Mama Nadia, mlangoni, viatu mkononi: "Na mi nakuja. We utamupoteza njiani, nakujua."

Mwalimu alikuwa amesimama kando na kengele yake. Nilipompita aliniuliza taratibu kama sasa mgeni wangu ameondoka. Nikamjibu kwamba bado, na asimsubiri. "Ninyi mlipofumba macho, mwalimu, huyo mgeni ndiye aliyekaa macho kumtafuta kaka yangu." Alinisaidia kubeba takia hadi barabarani, ingawa si zito.

Kwa hiyo jiandae, kaka. Mama ametoa sanda kwenye sanduku. Kumbe alikuwa ameinunua zamani, anatudanganya tu. Zaituni ameketi uani, ameomba kanga nyeusi ya eda. Shehe amesema atangoja makaburini kwetu hata kama ni mpaka jua litue. Bado nimekukasirikia kwa ile salamu yako, na nitakukasirikia tukiwa tunakuchimbua, na usishangae ukinisikia natukana juu ya mihogo ya watu. Lazima mmoja wetu atukane, na wewe uliacha.

Takia nakuja nalo. Si la kutafakari. Njia ya kule ni mawe matupu, kamioneti niliyoazima haina springi, na utarudi umelala nyuma. Nitakuwekea chini ya kichwa.

Ndimi mdogo wako wa tumbo moja,
fundi wa viti.