Dini ya Fundi Malimi

Igogo, Mwanza
Desemba 8

Kaka yangu mpendwa Luhaga,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Sengerema, pamoja na wifi Selina na watoto. Kifua cha wifi kinaendeleaje? Mimi sijambo, na cherehani yangu haijambo. Utashangaa kuletewa barua wakati simu unayo, lakini wewe ni katekista, na jambo hili nataka ulisome ukiwa umekaa.

Tumechagua mwenyekiti wa mtaa. Waligombea wawili: Jonathan, tunayesali naye kanisa moja, na Malimi, yule fundi wa majeneza aliyetengeneza la mama. Malimi alikuwa na ahadi moja tu, kujenga ngazi kwenye njia ya mawe. Unakumbuka tulivyomshusha mama pale, wewe mbele unateleza, jeneza likataka kutuponyoka. Tangu siku ile niliapa kumpa kura yeyote atakayeishughulikia njia ile.

Watu hawakuuliza ngazi zitajengwaje. Waliuliza Malimi anasali wapi. Fundi wa majeneza huzika na kila mtu: kwetu huvua kofia na kuimba nyimbo zote, kwa Waislamu huivaa na kuitikia dua. Jina lake la Kisukuma halisemi kitu. Mama Hellen, jirani yangu, alimvizia Ijumaa moja asubuhi akamkuta anapiga randa. Jumapili akamkuta amelala. Wengine walimpelekea sahani ya kitimoto, nyama ya nguruwe, wakakaa kumtazama. Alishukuru, akasema ameshiba. Nilicheka, ila umbea wa kutaka kujua ulinishika kuliko wote.

Jumuiya yetu ya kanisani ikanituma mimi, kwa kuwa alikuwa ameniletea kitambaa cha shati. Nilimpima mabega nikamuuliza bila kuzunguka. Akajibu kwamba yeye ni Mwislamu, msikitini wanamwita Lukman, na wala hajawahi kuficha, ni vile hakuna aliyemuuliza. Kisha akaniuliza kwa upole kama siku ile nilipofika mlangoni kwake nikimlilia mama, nilimuuliza anasali wapi.

Kaka, hapa ndipo penye dhambi yangu. Niliporudi jumuiyani nilisema ni Mkatoliki mwenzetu, ila husali Nyegezi kwa dada yake. Teodora, mwenyekiti wa jumuiya, alipiga vigelegele. Malimi ameshinda kwa tofauti ya kura kumi na moja.

Nilidhani nitatulia, kumbe nimejitia mwiba. Kila ninayekutana naye bombani najiuliza kama angempa kura Malimi lau angejua ukweli. Teodora huyohuyo alimuuguza Mwanvua, jirani yake Mwislamu, miezi miwili mizima, akimfulia hadi mashuka. Huenda asingejali kabisa. Mimi niliwaamulia tu kwamba wana roho ndogo, nikajiona mwerevu. Naona aibu.

Jana Malimi alikuja, habari zimemfikia. Hakufoka. Alisema heri angeshindwa akiwa yeye mwenyewe, kuliko kushinda akiwa mtu aliyeshonwa na mimi. Anataka kuitisha mkutano wa mtaa, aseme ukweli, na wakimkataa ajiuzulu. Nimemwomba asubiri niseme kwanza mimi, maana uongo ni wangu.

Jumamosi jumuiya inasali nyumbani kwangu. Naogopa sana, kaka. Wakimkataa, tutaendelea kushusha wagonjwa na maiti kwenye yale mawe, na kosa litakuwa langu. Lakini pamoja na hofu yote, bado natamani kuziona nyuso zao nitakapolitamka neno lile, Mwislamu.

Mwambie wifi vitenge vyake viko tayari, nitavituma na mtu wa kivuko. Wabusu watoto, na kaburi la mama mnifagilie.

Kabla sijaweka kalamu chini, nakuuliza: wewe ungempa Malimi kura? Nijibu kabla hujamuuliza padri.

Mdogo wako,
Dorotea