Dawa Ninayo Mkononi na Mtoto Analia

Mambrui

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Maimuna naye angekuamkia, lakini amejilaza mkekani, hataki kusema na mtu. Je, goti lako limepoa? Bado wateka maji mwenyewe, ama Kaka Saidi amekuhurumia akakuwekea mtu? Sisi huku twapumua, tumshukuru Mungu kwa hilo. Zaidi ya hapo sitakuficha, mama. Nimeshindwa.

Wajua mjukuu wako ana ukurutu tangu akiwa wa kubebwa. Mwaka huu umemshukia vibaya. Ulianza kwenye viwiko na nyuma ya magoti, ukapanda shingoni, ukafika usoni. Hujikuna mpaka damu. Asubuhi shuka huwa imegandamana na miguu yake, nailowesha kwanza ndipo niibandue, naye akilia. Chuoni kwa mwalimu wa Kurani wamemrudisha. Wenye watoto wasema atawaambukiza wao.

Nikampeleka hospitali Malindi. Daktari ni kijana, kwao Jilore, mtu wa adabu sana. "Hii ni pumu ya ngozi," akasema, "haimwambukizi mtu." Vidonda vilikuwa vimeingia usaha, kwa hiyo kwanza alimpa dawa ya kunywa. Kisha akanipa krimu, tyubu mbili, akanieleza polepole. Ile nyepesi ni ya uso na shingo. Ile kali ni ya mikono na miguu, tena pale palipowaka tu, nipake nyembamba asubuhi na jioni, na ngozi ikitulia nipunguze kidogo kidogo kisha niache. Ile kali usoni isifike, karibu na macho ndiyo kabisa. Vaselini nimpake mwili mzima kila akitoka kuoga, hiyo nisiionee choyo.

Nikamuuliza, "Basi atapona?"

"Utarudi, mama. Utakuwa ukirudi na kuondoka. Sisi twautuliza tu."

Nikafuata alivyosema, na Maimuna akaanza kulala usingizi wa watu. Ndipo mavyaa, bibi yake mzaa baba, alipoziona zile tyubu.

Usimchukie, mama. Tuna jirani, Rehema, aliyekuwa akinunua krimu kali dukani bila kuandikiwa na mtu, akijipaka uso apate weupe. Sasa ngozi yake imekuwa kama ganda la kitunguu, mishipa yaonekana. Akitoka juani uso wamchoma, na akiacha kupaka wavimba. Mavyaa aliona tyubu yangu yafanana na ya Rehema. Hakuniuliza. Alizitumbukiza zote mbili chooni.

"Wataka kumchubua mjukuu wangu?"

"Mama, ile kaandika daktari."

"Na Rehema je?"

"Rehema alijiandikia mwenyewe."

"Usinijibu," akasema, akaenda kuchemsha majani ya mwarobaini.

Siutukani mwarobaini, nasi tumeogeshwa nao. Lakini maji yale juu ya ngozi iliyochanika! Mtoto alipiga ukelele mpaka watu wakasimama njiani. Ugonjwa ukarudi mkubwa kuliko mwanzo. Nikamrudia daktari na haya zangu. Hakunikaripia. Ile kali alikuwa nayo akanipa. Ile nyepesi ilikuwa imekwisha hospitali nzima.

Nilipofika nyumbani nilipiga magoti mbele ya mavyaa. Nikamwambia, "Nipe mkono mmoja tu. Wa kulia nitampaka mimi, wa kushoto mwogeshe wewe. Wa kulia ukiharibika, nitaitupa dawa kwa mkono wangu."

Akakubali. Mama, sijapata kufanya jambo gumu kama lile. Kila nikimpaka mkono wa kulia, Maimuna alininyoshea na wa kushoto.

"Na huu, mama, umekosa nini?"

Nilimfunika ule mkono kwa kanga yangu nisiuone. Siku zikapita, wa kulia ukatulia, ukawa laini kama wa mtoto mwingine yeyote, na wa kushoto ungali ukitoa maji. Mavyaa aliishika mikono yote miwili akaisogeza mlangoni penye mwanga. Aliitazama sana. Mwisho akasema, "Mpake na huu."

Nikadhani nimeokoka. Kumbe sasa mavyaa aiamini ile krimu kuliko mimi. Juzi natoka kisimani namkuta amempakata Maimuna, amempaka ile kali uso mzima, imejaa mpaka kwenye kope kama samli. Nikamnyang'anya mtoto nikamwosha. Nikapiga makelele, mama, mimi niliyelelewa nisimpazie sauti mtu mzima.

Na uso ndio unaomtesa sasa. Kope zimevimba, jicho moja lafunguka nusu. Daktari amemtazama tena, asema nisithubutu kumpaka ile kali hapo. Nimbandike kitambaa cha maji baridi, vaselini juu yake, ningoje ile nyepesi. Nimeitafuta maduka ya dawa ya Malindi, nimeagiza mtu hadi Kilifi, hakuna. Baba yake yuko melini, hatujui atashuka bandari gani.

Mavyaa huniambia majirani wakisikia, "Jana nilipokataa ulinililia. Leo dawa unayo, mtoto analia, na hutaki kumpaka. Wewe una roho gani?" Nikimweleza, aniambia mkono ulipona, uso una tofauti gani na mkono? Wanawake kisimani wameacha kunitolea salamu.

Mama, ndani ya barua hii nimekukunjia cheti cha daktari chenye jina la ile nyepesi. Kaka Saidi akienda Mombasa kuchukua mali za duka, akionyeshe kwenye duka la dawa. Asikubali kupewa nyingine, hata wakimwambia ni bora, hata wakimwambia ina nguvu zaidi. Ile hasa iliyoandikwa. Akirudi kwa njia ya Malindi aniletee mwenyewe mkononi, asimpe mtu. Na wewe, goti likikuruhusu, fuatana naye. Mavyaa akuheshimu. Neno lako atalisikia.

Nisalimie shangazi na mke wa Kaka Saidi, umbusu mtoto wao mchanga niliyeambiwa amefanana nami. Fundi wa Kurani aliyenisomesha mwambie amwombee Maimuna.

Leo asubuhi nilikuwa nikifagia. Maimuna aliitoa tyubu mwenyewe juu ya kabati, akafungua kifuniko, akanijia. Alifumba macho akaninyoshea uso. Nilikifunga kile kifuniko, mama. Hakulia. Alifumbua lile jicho lake zima akanitazama kama anayemtazama mtu asiyemjua, kisha akaenda kukaa kwa bibi yake.

Ni mimi mwanao, niliyekwama,
Zuhura